Leseni haifundishi kungoja

*Dereva mpya wa malori ya masafa marefu huandaliwa kushika usukani, kisha hupewa kazi ambayo sehemu yake kubwa hufanyika gari likiwa limesimama. Nani amfundishe hayo mengine, na kwa gharama ya nani?*

Mlima Kitonga, mkoani Iringa, hupandwa na salfa na kushukwa na shaba. Malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam kwenda migodi ya Katanga huukwea kwa gia ya chini, na yakirudi huuteremka na shaba mgongoni, uzito wa gari na mzigo ukikaribia tani 56 ambazo ndizo kikomo cha sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Dereva mpya hupimwa kwenye kuteremka. Akiuanza mteremko na gia kubwa atajikuta hawezi tena kuishusha. Atabaki kukanyaga breki, breki zitapata moto, na breki iliyopata moto haishiki. Hayo hufundishika. Mwalimu mwenye subira anaweza kuyaeleza darasani asubuhi na kuyaonyesha barabarani mchana.

Yapo mengine yanayoamua kama dereva huyo atafika chini salama, nayo hayamo kwenye mtaala wowote: usiku uliopita alilala saa ngapi, alikaa siku ngapi Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, posho imebaki kiasi gani, bosi amepiga simu mara ngapi kuuliza gari limefika wapi. Kijana mwenye leseni ya daraja E anayeajiriwa kwenye masafa marefu ni nadra kushindwa na usukani. Hushindwa na maisha yanayouzunguka. Maisha hayo nayo ni ufundi, na zamani ulikuwapo utaratibu wa kuurithisha. Mbovu, lakini ulikuwapo. Sekta ya usafirishaji imeuacha ufe na haijaweka kingine mahali pake.

Saa 40 za usukani, wiki za kukaa

Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni takriban kilomita 930, na hadi Lubumbashi, kwa njia ya Nakonde, Mpika, Kapiri Mposhi na Kasumbalesa, ni kama 2,000. Tuseme lori linakwenda kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa, ukijumlisha milima, matuta na ule mkato wa kilomita 50 hivi ndani ya hifadhi ya Mikumi, ambako twiga ndiye mwenye barabara. Hizo ni saa 40 za kuendesha. Kwa saa tisa kwa siku, dereva angefika siku ya tano na kila usiku angelala vya kutosha. Hata hivyo, kwenye njia hiyo hakuna anayehesabu kwenda na kurudi kwa siku. Watu huhesabu kwa wiki. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ndiyo kazi yenyewe.

Muda huo humezwa na zamu ya kupakia bandarini, na mizani za Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako na Mpemba, na nyaraka ambazo wakala wa forodha hajazikamilisha, na foleni ya Tunduma. Kituo cha huduma za pamoja mpakani hapo, kilichozinduliwa mwaka 2019, kiliondoa mzunguko wa kukaguliwa mara mbili, lakini mfumo wa kompyuta ukikwama upande mmoja, au mtambo wa kukagua kontena ukiharibika, mkia wa malori hurudi barabarani ukiwa mrefu kama zamani. Kisha kuna Kasumbalesa, kuna uwanja wa mgodi ambao hupakua kwa ratiba yake, na kuna kusubiri mzigo wa kurudi. Ugeni nao una gharama yake. Baada ya Kasumbalesa magari hupita kulia, hivyo mtu aliyeendesha kushoto tangu Kibaha hana budi kuyazoesha macho upya akiwa na tela nyuma yake. Kiswahili, kilichompotea alipoingia Zambia, humpokea tena Katanga, chenye lafudhi na bei zake.

Watu wa ofisini hukosea wanapouita muda huo mapumziko. Foleni husogea usiku kama inavyosogea mchana, na anayelala fofofo hupitwa. Tangi la dizeli, betri, tairi la akiba na turubai vinahitaji mlinzi, na mlinzi ni yeye. Kwa hiyo dereva hutoka mpakani akiwa amekaa siku tatu bila kuendesha na bila kulala sawasawa, halafu simu inaita: mzigo umechelewa, fidia muda. Utafiti wa usingizi umelisema hili kwa namna ambayo kila askari wa usalama barabarani angeielewa. Mtu aliyekesha saa 17 mfululizo hupungukiwa wepesi wa akili na mikono kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Akifikisha saa 24, hufanana na mwenye asilimia 0.10. Kipimo cha kilevi cha askari hakitamkamata, kwa sababu hajanywa kitu.

“Foleni husogea usiku kama inavyosogea mchana, na anayelala fofofo hupitwa.”

Dereva mzoefu ana mbinu zake. Anajua uwanja upi Tunduma una mlinzi wa kuaminika, anajua kupeana zamu na mwenzake wa gari la nyuma, anajua kwamba usingizi wa kati ya saa nane usiku na alfajiri haushindwi kwa kahawa wala kwa muziki, na kwamba suluhisho lake ni kuegesha. Mgeni hujaribu kwanza vinywaji vya kuongeza nguvu, wengine mirungi. Vinamwamsha kwa saa chache na kumwangusha baadaye, mara nyingi mahali pabaya zaidi.

Kiti cha kushoto

Ujuzi huo ulikuwa ukipitia kiti cha kushoto. Rhodesia ilipojitangazia uhuru mwezi Novemba 1965 na Zambia ikakatiwa njia yake ya kusini, mafuta ya Zambia yalianza kubebwa kwa malori kutoka Dar es Salaam kwenye barabara ya vumbi iliyojulikana duniani kwa jina la njia ya jehanamu. Reli ya TAZARA ilikuwa bado haijajengwa. Madereva wengi wa enzi hiyo, na wa vizazi vilivyofuata, waliingia kazini kupitia utingo: kijana aliyepanda gari kuosha vioo, kufunga turubai, kuweka jiwe nyuma ya tairi, kupika ugali chini ya tela na kulinda mzigo bosi wake akilala. Miaka ikipita alipewa usukani kwenye nyika tupu, kisha kwenye mji mdogo, na hatimaye mlimani. Alipopata leseni alikuwa amekwisha kuona foleni, kuharibikiwa porini, kuibiwa na kulipwa pungufu, yote akiwa na mtu wa kumuuliza.

Nisieleweke kwamba nausifu utaratibu huo. Utingo alifanyishwa kazi bila mkataba, alilipwa kwa hisani ya dereva, alilala chini ya gari, na ajali ikitokea jina lake halikuwa kwenye karatasi yoyote. Tena alirithi mabaya pamoja na mema. Baya kuliko yote ni desturi ya kuondoa gia kwenye mteremko na kuliachia gari lishuke lenyewe ili kuokoa dizeli. Nchini Kenya, mteremko wa Salgaa kwenye barabara ya Nakuru hadi Eldoret ulijipatia jina la kutisha kwa ajali za malori, na desturi hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa, mpaka serikali ilipotenganisha njia za kupanda na za kushuka kwa kizuizi. Aliyefundishwa kuachia gari lishuke bila gia alifundishwa na mtu aliyempenda, na ndiyo maana ni vigumu kuing'oa desturi hiyo.

Hata hivyo, kuna tofauti kati ya kurekebisha chuo kibovu na kukifunga. Kampuni nyingi zimekifunga. Magari mapya yenye kufuatiliwa kwa setilaiti huondoka na mtu mmoja. Utingo ameonekana gharama isiyo na faida, na mara nyingine mshirika wa wizi. Kiti cha kushoto kimebaki kitupu, au kina gunia la vitunguu. Ajabu ni kwamba kwenye mabasi mawazo yamekwenda upande mwingine: basi la safari ndefu hutakiwa kuwa na madereva wawili, kwa hoja kwamba mtu mmoja huchoka. Hakuna maelezo ya kisayansi kwa nini mtu huyo huyo asichoke akiwa amebeba shaba. Maelezo yaliyopo ni kwamba shaba haipigi kelele kwenye redio.

Posho inapokwisha kabla ya safari

Kwa kawaida dereva hulipwa mshahara wa msingi na posho ya safari anayokabidhiwa kabla ya kuondoka. Posho hupigiwa hesabu ya safari inayokwenda vizuri. Ndani yake mna chakula, maegesho, maji ya kuoga, vocha, kuziba pancha, na zile shilingi au kwacha zisizo na risiti ambazo kila mtu anazijua na hakuna anayeziandika. Foleni ikirefuka kwa siku nne, hakuna siku nne za nyongeza kwenye bahasha. Mzoefu hukopa kwa mama lishe anayemfahamu. Mgeni hafahamiki, na asiyefahamika hakopeshwi. Ndipo anapotokea mtu na madumu yake, usiku, kwa sauti ya upole, akiulizia dizeli.

Wamiliki wana haki kulalamikia wizi wa mafuta, kwa sababu ni wizi na unawaumiza. Lakini ukitazama jinsi posho inavyopangwa utaona kwamba hatari yote ya ucheleweshaji, ambao dereva hausababishi wala hawezi kuuzuia, imewekwa juu ya mtu mwenye akiba ndogo kuliko wote kwenye mnyororo huo. Mwenye mzigo ana bima. Mwenye gari mara nyingi huwa na kifungu cha kumdai mwenye mzigo fidia gari likikaa muda mrefu. Dereva ana simu. Akiuza lita 50 amekuwa mwizi. Asipouza amelala njaa. Na ili hesabu ya mafuta isionyeshe pengo, ataondoa gia mteremkoni. Kwa njia hiyo siku moja ya njaa Kasumbalesa inaweza kuishia kwenye breki zilizokufa Kitonga.

“Mwenye mzigo ana bima. Dereva ana simu.”

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haiko kimya juu ya hayo. Inaweka saa 45 za kazi kwa wiki, saa tisa kwa siku, mwisho wa saa 12 kwa siku hata pakiwa na saa za ziada, mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku na siku, na saa 24 kila wiki. Tatizo ni kwamba sheria hiyo ilimfikiria mfanyakazi anayeingia na kutoka langoni. Mtu anayelinda gari foleni ya Nakonde saa tisa usiku, je, yuko kazini au amepumzika? Akiwa kazini, karibu kila safari inavunja sheria. Akiwa amepumzika, kwa nini tairi likiibwa usiku huo akatwe mshahara? Waajiri wengi hujibu kwa jibu la kwanza au la pili kutegemea ni lipi lenye nafuu siku hiyo.

Kuhusu familia nitasema kwa ufupi, kwa kuwa mazungumzo yake yameharibiwa na mzaha wa zamani kwamba dereva wa lori ana mke kila kituo. Kampeni za kupambana na UKIMWI zilifanya kazi kubwa na ya lazima kwenye njia hizi, na zahanati za kontena kama ile ya Mlolongo nchini Kenya ni miongoni mwa huduma chache zilizowahi kujengwa kwa kumfikiria dereva. Lakini zilimzoesha kila mtu kumwona kama njia ya ugonjwa. Mwaka 2020, wakati wa korona, Zambia ilipoufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa mwezi Mei, madereva walitazamwa kwa jicho hilo hilo. Upweke wa kijana ambaye mtoto wake anaanza kutembea akiwa hayupo haujapata kampeni. Nao ndio huwatoa wengi kwenye kazi hii kabla hawajawa wazuri.

Wanaopinga wana hoja

Hoja ya kwanza dhidi ya kumfundisha dereva akiwa kazini hutoka kwa madereva wenyewe, au hivyo ndivyo inavyodaiwa. Mwezi Aprili 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma nchi nzima, na moja ya sababu ilikuwa agizo la kurudi darasani kila wanapohuisha leseni. Basi, husemwa, hawa watu hawataki kufundishwa. Lakini orodha ya madai yao ilikuwa na jambo la pili, mikataba ya ajira, na ukiyaweka madai mawili pamoja picha hubadilika. Walikuwa wakiambiwa walipe ada mfukoni na wakae siku za mafunzo bila kipato, ili wawafae zaidi waajiri ambao hawakutaka hata kuwaandikia kwamba wamewaajiri. Mtu anaweza kukataa mpango wa namna hiyo na bado akapenda kujifunza. Isitoshe, darasa hulenga mzoefu anayehuisha leseni, wakati anayehitaji msaada zaidi ni yule wa safari za mwanzo, na msaada huo unahitajika Tunduma, mbali na ukumbi.

Hoja ya pili ni ya wakongwe: sisi tulijifunza kwa shida na tukatoka. Ni kweli, na heshima yao wanastahili. Ila tunaowasikia ni wale waliotoka. Waliobaki mabondeni hawana nafasi ya kutoa ushahidi, na kila mkongwe, ukimpa muda, atakutajia majina yao. Pia wakongwe husahau kwamba walikuwa na mtu kwenye kiti cha pili. Shida wanayoisifu waliipata wakiwa wawili.

Hoja ya tatu, ya teknolojia, kwamba kifaa kinatosha kumsimamia dereva, ndiyo ninayoiona dhaifu kuliko inavyodhaniwa. Kifaa cha setilaiti humwambia mwenye gari kwamba gari limezidi kilomita 80 kwa saa, limesimama mahali pasipotarajiwa, au limepungukiwa mafuta. Yote hayo hulinda mali. Hakuna kinachomwambia kwamba dereva hajalala tangu juzi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya kifaa kilichomo ndani ya gari hutumika kwa kazi ya pili: dereva haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa nne na nusu bila kupumzika dakika 45, na rekodi hiyo inaweza kumtia hatiani hata mwajiri. Takwimu za namna hiyo zimo tayari kwenye kompyuta za kampuni zetu. Saa ambayo gari liliondoka na saa liliposimama zinajulikana. Kinachokosekana ni mtu wa kuzisoma kwa faida ya aliyeketi ndani.

Hoja nzito kabisa ni ya fedha. Wamiliki, hasa wenye gari moja au mawili, wanabanwa na bei ya dizeli, riba ya benki, na wateja wanaochelewa kulipa. Mwezi Oktoba 2013 waliwahi kusimamisha magari kwa sababu ya kuondolewa nafuu ya asilimia tano tu ya uzito kwenye mizani, na hiyo inaonyesha faida yao ilivyo nyembamba. Kuwaambia walipe mishahara miwili kila safari, daima, ni kuwafukuza sokoni. Kwa hiyo siombi daima. Naomba safari chache za mwanzo, tuseme miezi sita, dereva mpya akae na mzoefu anayelipwa nyongeza kwa kufundisha, huku mgeni akipokea mshahara wa msingi na chakula. Cha pili, posho iwe na kiwango cha siku ya kusimama, kinacholipwa kwa simu foleni inapozidi siku zilizokadiriwa. Mwenye gari arudishiwe na mwenye mzigo, kama mikataba mingi ya usafirishaji inavyoruhusu. Gharama ya lori moja lililopinduka na shaba yake, ukiacha uhai, huwalipa wakufunzi wengi.

Kupokezana vijiti

Kuna wanaokwenda mbali zaidi na kusema masafa marefu kwa dereva mmoja ni mpango uliopitwa na wakati: gari litoke Dar es Salaam na dereva wa kwanza, lipokelewe Makambako au Mbeya na wa pili, na yule wa kwanza ageuze na mzigo wa kurudi akalale nyumbani. Kwa mgeni hiyo ingekuwa njia nyepesi ya kuingia kazini, kwa kuwa angejifunza kipande kimoja cha barabara vizuri kabla ya kukutana na Kasumbalesa. Reli nayo, ile ya kisasa inayoelekea bara na TAZARA ikifufuliwa, inaweza kusukuma mambo upande huo huo, malori yakibaki na vipande vifupi kutoka kwenye stesheni.

Wanaolikataa wazo hilo kwa nguvu zaidi ni madereva. Kabini ni chumba chao. Mna godoro, jiko dogo na nguo. Muhimu zaidi, dereva huwajibika kwa mafuta na matairi ya gari alilokabidhiwa, na hataki kulirithi gari ambalo mwingine amelichosha klachi au amelibadilishia tairi zuri kwa kipara kati ya Mbeya na Makambako. Wanadai haki. Ili kupokezana kufanye kazi, lazima pawepo ukaguzi wa maandishi kwenye kituo cha kubadilishana, namba za matairi zisomwe, kipimo cha mafuta kisainiwe na wote wawili, na hasara isiyo na mwenyewe ibebwe na kampuni. Wamiliki wanaotaka kujaribu wanaweza kuanza na saruji na mbolea za Mbeya, mizigo isiyovuka mpaka wowote, ambako hakuna forodha wala foleni ya kusingizia.